Bibi Maendeleo Aliyeondoa Mabenchi

Wasikilizaji wapendwa, shikamooni wazee wetu wote mnaotusikia, kuanzia Kizwite mpaka kule Kirando kwenye vichanja vya dagaa. Vijana nanyi, mambo. Msiondoke, haya yanawahusu, maana uzee haupigi hodi.

Alhamisi iliyopita, hapa Sumbawanga, tulimpoteza Mama Sekela Mwakatobe. Alikuwa na miaka sabini na nane. Wengi mlimwita Bibi Maendeleo hadi mwisho, ingawa kazi hiyo ya uafisa maendeleo alistaafu zamani. Mama Sekela ndiye aliyewafundisha wazee wa kijiji cha Kalembe kuzeeka bila kuvunjika mifupa. Na ndiye aliyewafundisha watoto wao kuishi na mzazi anayesahau. Ametuachia majonzi, ndiyo, lakini leo tumekuja hasa kumshukuru.

Turudi mwaka 1974. Watu wamehamia vijiji vya Ujamaa, nyumba zimepangwa mistari, zote zinafanana. Sekela, binti wa Rungwe mwenye miaka ishirini na sita, anashuka kwenye lori la serikali pale Kalembe. Ana sanduku la bati na kikoti chepesi. Ni mwezi wa sita, na mnaujua upepo wa Ufipa mwezi wa sita.

"Mama alisema alitaka kugeuka na lori lilelile," anasema mwanawe, Lutengano. "Lori likagoma kuwaka siku mbili. Ndiyo maana mimi nimezaliwa huku."

Kila Jumatano Sekela alikuwa na darasa la wazee kwenye shule ya kijiji. Aliwafundisha kula dagaa na kichwa chake, kwa ajili ya mifupa. Aliwafundisha kuota jua la asubuhi. Aliwaambia waondoe vinu na ndoo njiani ndani ya nyumba, mtu asijikwae. Wazee walimsikiliza, wakamcheka kidogo kwa Kiswahili chake cha Kinyakyusa, naye akawacheka kwa chao cha Kifipa.

Lakini siku ya kwanza kabisa alifanya kosa. Mwenyewe hakulificha maisha yake yote, kwa hiyo nasi hatulifichi.

Wafipa wasikilizaji mnajua tunavyosalimiana. Unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, unauliza habari za nyumbani, za shamba, za ng'ombe, za watoto, na mwenzio anachuchumaa kukuitikia. Haina haraka. Basi wale mama waliingia darasani wakamchuchumalia Sekela, kwa kuwa ni mtu wa serikali. Sekela akaona aibu. Kwao Rungwe yeye ndiye angepiga magoti. Akawaambia, "Hapana, mama zangu. Msinichuchumalie. Sisi sote ni ndugu. Wazee mpumzike."

Akaleta mabenchi, wazee wakae. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Eustaki, akalipenda neno hilo mno, akalitangaza kijiji kizima: kuanzia leo mzee hachuchumai kwa mtu, mzee anakaa. Na wazee wakakaa. Walikaa mwaka mzima.

Miongoni mwao walikuwamo Bibi Agnesi na mumewe, Mzee Leonardi. Mzee Leonardi alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Majina ya watoto yalimtoka. Nyumba mpya hakuitambua, na ataitambuaje, zimefanana zote? Kila alasiri alichukua fimbo yake akaanza safari ya kwenda kwenye nyumba yao ya zamani, ng'ambo ya mto, ambako hapakuwa tena na nyumba. Na kila alasiri Bibi Agnesi alimfuata akamrudisha.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, Bibi Agnesi alianguka kizingitini. Akavunjika mkono wa kushoto. "Magoti yalikuwa yamekufa ganzi kwa kukaa," ndivyo alivyomsimulia mjukuu wake, Luciana, ambaye ndiye aliyetusimulia sisi. Mkono ukafungwa, na mzee akakosa wa kumrudisha. Jioni moja vijana walimkuta amekaa kwenye maji ya mto, anatetemeka, midomo imekauka.

Kamati ya kijiji ikakutana. Ikaamua Mzee Leonardi afungiwe kwenye chumba cha ghala, apelekewe chakula humo. Tusiwalaumu haraka, wasikilizaji wapendwa. Waliogopa kumzika. Lakini Bibi Agnesi alilia pale kikaoni. Alisema, "Mume wangu si mwizi." Sekela akaomba apewe majuma mawili. Ndugu Eustaki akampa juma moja.

Siku ya kwanza Sekela alimkimbilia mzee njiani, akamshika mkono. "Mzee, kule hakuna nyumba. Ilishabomolewa." Mzee Leonardi akainua fimbo. Amwambie mtu kwamba nyumba yake haipo? Siku ya pili ikawa vilevile, na Sekela alirudi na jeraha dogo juu ya jicho, ambalo kovu lake alikwenda nalo kaburini.

Siku ya tatu Bibi Agnesi akamwambia, "Kaa pembeni, mwanangu." Akasimama mbele ya mumewe. Akajishusha polepole, mkono mmoja umefungwa kifuani, akachuchumaa. Makofi hakuweza kupiga. Alijipiga pajani kwa mkono mzima, taratibu, akamsalimia kwa Kifipa.

Mzee Leonardi alisimama. Akaweka fimbo chini. Akachuchumaa, akapiga makofi, akaitikia. Akauliza habari za nyumbani. Akauliza ulezi umekaaje. Akauliza ng'ombe, watoto, majirani. Salamu ilichukua muda wake. Walipoinuka, safari ilikuwa imeshamtoka kichwani, na alipoambiwa "twende tukale," akaenda.

Sekela alilia palepale barabarani. Bibi Agnesi alimtazama akamwambia, bila hasira, "Dawa ilikuwapo. Wewe ndiye uliyetukataza."

Kupotea njia ndiko kujua njia. Jumatano iliyofuata wazee walikuta darasa halina benchi hata moja. Sekela alichuchumaa mlangoni akamsalimia kila aliyeingia, mmoja mmoja, kwa Kifipa chake kibovu, akawaomba radhi. Kisha akasema: kuanzia leo tunachuchumaa na kuinuka, mara kumi, asubuhi na jioni. Mwenye goti bovu ashike nguzo. Mguu unaoinuka kila siku hauangushi mtu kizingitini.

Kijiji kizima akakifundisha jambo moja zaidi. Ukimkuta Mzee Leonardi njiani, usimshike, usibishane naye, usimwambie nyumba yake imebomolewa. Msalimie. Msalimie kama baba anavyosalimiwa, mpaka mwisho, halafu mwalike kula. Watoto wa shule walimsalimia. Walinzi wa mashamba ya ulezi walimsalimia. Ndugu Eustaki mwenyewe, mtu mwenye tumbo lake, alichuchumaa barabarani akahitaji kuvutwa ili ainuke. Baada ya juma moja kamati ilikutana tena, na neno ghala halikutajwa.

Mzee Leonardi aliishi miaka minne zaidi, na hakufungiwa hata siku moja. Miaka minne, wasikilizaji wapendwa. Bibi Agnesi hakuanguka tena, na darasa la Mama Sekela likaigwa na vijiji vya jirani, hadi chini bondeni huko Muze.

Wakati wa kutoa shukrani huwa tunataja vyeti na vyeo. Mama Sekela hakupewa cheti kwa kazi hii. Lutengano anasema aliwahi kumuuliza kama hilo halimuumi. "Akaniambia, mwanangu, wale ndio walionifundisha, cheti wangepewa wao."

Kwa Lutengano, kwa wakwe na wajukuu, na kwa ndugu zake wa Rungwe, tunasema poleni sana. Mungu awape moyo wa subira. Ufipa inalia nanyi, na inawashukuru kwa kutuazima mama yenu.

Na kwako unayesikiliza, ambaye nyumbani una mzazi anayeuliza jambo lilelile mara kumi, tunakuachia haya aliyotusimulia Luciana. Mwaka wa mwisho, Mzee Leonardi hakumjua tena mkewe. Kila jioni alimuuliza, "Mama, wewe ni nani?" Zamani Bibi Agnesi angebisha, angelia. Lakini alikuwa amesoma kwa Mama Sekela, hivyo akajibu tu, "Mimi ni jirani." Naye mzee akamwambia, "Basi kaa hapa unisubirie. Mke wangu anakuja sasa hivi. Ni mtu mzuri, mtapendana."

Bibi Agnesi akakaa. Alikuwa amekaa hapo, ameshika mkono wa mumewe, mlango uko wazi, asubuhi ile mzee alipofariki.