Bastola ya Gesi ya Mzee Mahfoudh

Ukiingia Ghala, mtaa wa viwanda wa Maskati, kwa upande wa magereji ya mabati, ukilipita duka la matairi, utaliona benchi la Marhoon: kiti cha nyuma cha Landikruza iliyokufa zamani, kimeegemezwa ukutani pale kivuli kinapowahi alasiri. Marhoon ni fundi wa eisii, viyoyozi vya magari, watu wanamwita Baridi. Pembeni yake hukaa Yassin, dereva wa pikapu, mtu wa Tanga, aitwaye Redio kwa kuwa hajawahi kuzimwa; na Fulgence wa Bukoba, mlinzi wa ghala la jirani, ambaye hapa jina lake Godauni. Ilikuwa miaka ile simu za mkononi zinavaliwa kiunoni kama khanjari. Jumanne hiyo Mzee Mahfoudh alifika na mfuko wa plastiki, akakaa, akapokea kikombe cha kahawa bila kusalimia vizuri, na kila mtu akajua ana jambo.

— Imekufa, akasema, akatoa bastola nyeusi mfukoni.

Fulgence aliruka mpaka kahawa ikamwagika.

— Mzee! Ya kweli hiyo?

— Ya gesi, bwana we. Inatupa tembe za plastiki. Kaa kitako.

— Sikai. Mimi mlinzi. Nikikutwa karibu na kitu kama hicho, kafili aliyenileta kazini ananirudisha Bukoba na nguo hizi hizi.

— Tizama mdomo wake, una rangi ya chungwa. Ndiyo alama kuwa si silaha. Yule muuzaji wa Dubai kanambia nsiifute.

— Askari wa barabarani atauona huo mdomo kabla au baada ya kunilaza chini?

— Ndo maana naichukua ndani ya boksi, na boksi kwenye buti, akasema Mahfoudh. Mi si mtoto.

Marhoon aliipokea ile bastola, akaipima mkononi, akauvuta mgongo wake unaoteleza, ukarudi kwa uvivu.

— Ya Alkhamisi hii? akauliza.

— Ya Alkhamisi.

Hapo hakuna aliyecheka. Wote walijua habari. Alkhamisi Hisham, mwana wa Mahfoudh, anafanyiwa harusi kwa watu wa bara ya Oman, upande wa Ibra, watu wenye bunduki na vibali vyake, na kwao harusi bila milio bado haijawa harusi. Siku ya akdi, ndoa ilipofungwa, walipiga hewani mpaka mbuzi wakakata kamba. Upande wa Mahfoudh, watu waliorudi kutoka Unguja na masanduku ya nguo tu, walisimama wamekunja mabega. Kijana mmoja wa kule akamjia Mahfoudh, kwa adabu kabisa, akamuuliza kama wazee wa Zanzibar wangependa kuletewa pamba ya masikio. Watu wakacheka mpaka chai ikapoa. Tangu siku ile Mahfoudh hakupata usingizi wa maana. Alkhamisi, upande wa bwana harusi nao lazima kitu kilie.

— Mwanzo ilikuwa nzima, akaeleza. Nimeijaribu nyumbani, kwenye ukumbi, milango imefungwa. Mke wangu Masouda kaangusha sinia jikoni.

— Kisha ukaifanya nini?

— Nimeihudumia. Karatasi yake nimeisoma mwenyewe, neno neno, sikumwita mtu. Imesema itiwe mafuta.

— Mafuta gani?

— Hapo ukurasa ulikuwa umekwisha.

— Ba Hisham, akasema Marhoon taratibu, umetia mafuta gani?

Mahfoudh akatazama barabarani.

— Ya karafuu.

Yassin akapiga paja.

— Wazanzibari! Jino, karafuu. Mgongo, karafuu. Bawaba ya mlango, karafuu. Sasa na bastola nayo ina gesi tumboni, mmeipa karafuu!

— Bawaba zangu hazilii, we Redio.

Marhoon alishachomoa magazini, kile kibweta cha tembe na gesi, akaigeuza chini juu, akainusa. Harufu ilijaa benchi zima kama duka la viungo. Akachokoa kwa sindano, akatoa kipete cha mpira kilichovimba mithili ya zabibu iliyolala majini.

— Huyu ndo alokuwa akizuia gesi. Karafuu imemlainisha, gesi inapita. Hii haitaki mafuta ya mgongo wala ya kupikia. Inataka silikoni, kama tunayopaka raba za milango ya gari. Tone moja tu.

— Mi nilijua ni joto, akasema Fulgence, ambaye alikuwa amekaa tena, lakini ukingoni. Uliiacha garini?

— Siku mbili.

— Unaona! Joto la Maskati linavimbisha gesi. Dawa yake friji. Ingelala na samaki, leo ingekuwa nzima.

— Ikilala kwenye friji inapoa, na ikipoa haina nguvu, akasema Marhoon. Na kwenye gari inapata nguvu za kujipasua. Iweke ndani, kivulini, khalas. Na gesi usiimalize yote. Bakisha kidogo, iubane mpira usikauke.

— Sasa mie nina swali la kununua, akasema Yassin. Zilikuwepo ngapi dukani?

— Mbili. Moja mgongo wa plastiki, moja wa chuma. Nimechukua ya chuma. Nzito, ukiishika unajua umeshika kitu.

— Umekosea, mzee wangu. Ya plastiki nyepesi, mgongo unarudi upesi.

— Na gesi ikiwa kali unapasuka, akasema Marhoon. Ya chuma ni sawa, ila chuma kizito kinakula gesi. Huko kwenye baridi kingegoma. Hapa jua litamsaidia.

— Basi mtie gesi ya kupikia! akasema Yassin. Mtungi ninao kwenye pikapu. Mgongo utaruka mpaka Sidab, kule pwani.

— Na mkono wake nao utafika Sidab.

— Au soda. Mnaijua soda ukiitikisa? Wataalamu wa Japani...

— Redio, umewahi kumwona Mjapani?

— Nimeendesha gari lake miaka kumi!

Fulgence naye akaona asiachwe nyuma. Akasema kwao kuna mtu alijaza baiskeli hewa ya ndani ya tanuri la matofali, baiskeli ikapanda mlima peke yake. Yassin akasema hiyo ndogo, yeye anamjua jini wa Chumbageni, kwao Tanga, anayekaa ndani ya pampu ya upepo, ukimtajia jina la mkwe wako pampu inajaza yenyewe. Mahfoudh alikuwa hasikii. Alikuwa anatazama vidole vya Marhoon.

Marhoon alifungua kile kiboksi chake cha vipete vya kijani vya eisii, akajaribisha kimoja, kikapwaya, akajaribisha kingine, kikakaa. Akapaka silikoni. Kisha akaleta mtungi wa gesi ya eisii za magari, akafunga kwenye mpira wake kipua alichokichonga mwenyewe, akashikilia magazini kichwa chini na kujaza. Ilipiga mluzi mdogo, ikanyamaza. Wakasubiri. Haikuvuja.

— Alhamdulillah, akasema Mahfoudh, akapanguza uso kwa ncha ya kilemba chake cha masari.

Wakati huo akaja Evodia, mtu wa kwao Fulgence, anayefanya kazi kwenye nyumba moja ya Madinat Sultan Qaboos. Alimletea Fulgence mfuko wa nguo wa kupeleka nyumbani. Wakampa kahawa, akaketi juu ya tairi, akawapa mgongo kulikwepa jua.

— Shikamoo wazee.

— Marahaba. Kaa hapo hapo, mama, usigeuke, akasema Yassin. Tunapiga bastola.

— Haya. Nitaisikia.

Marhoon akawavalisha wote miwani ya kuchomelea. Kopo la maziwa likawekwa juu ya gudulia tupu. Gereji ya pili walikuwa wakinyoosha bodi kwa nyundo, na kompresa ya Marhoon inanguruma kama kawaida yake. Mahfoudh alisimama, akanyoosha mkono, akafunga jicho moja.

Ilikuwa nzima kweli. Mgongo ulikwenda na kurudi, kopo likabonyea. Akapiga tena, kopo likaanguka. Fulgence akaliinua, Mahfoudh akaliangusha. Alipiga mpaka tembe zikaisha.

— Mashaallah! akasema Yassin.

— Inakwenda kama saa, akasema Marhoon.

— Hata mi sasa naipenda, akasema Fulgence.

Evodia akamaliza kahawa yake, akaweka kikombe chini.

— Samahani wazee wangu. Mimi madamu ananisubiri. Mtaanza kuipiga saa ngapi?

Yassin alifungua mdomo, akaufunga, jambo ambalo benchi lile lilikuwa halijaliona. Marhoon alivua miwani, akaanza kuifuta. Huko ng'ambo nyundo iliendelea na bodi lake.

Mahfoudh alikaa. Aliiona Ibra: bunduki kwa safu, yule kijana mwenye adabu, na yeye katikati, ananyoosha mkono, na watu wanamngoja aanze hali amekwisha maliza.

Simu ikalia kiunoni mwake. Alikuwa Sabah, dada yake, anataka kujua mabasi yanaondoka lini. Nyuma yake nyumba nzima ya wanawake ilikuwa inajaribisha nyimbo, na kabla Mahfoudh hajasema allo, vigelegele vilitoka kwenye kile kisimu kwa nguvu hata akakiweka mbali na sikio.

Evodia akageuka mzima mzima juu ya tairi.

— Wapi kuna harusi?

Mahfoudh alimtazama. Akaitazama bastola. Akairudisha ndani ya boksi, mdomo wake wa chungwa mbele, akafunga kifuniko. Kisha akairudisha simu sikioni.

— Sabah, nsikilize. Alkhamisi, mabasi yakifika, nyinyi wanawake ndo mtaoshuka mwanzo.

— Kwani, akauliza Sabah, nani alikwambia tutawangoja nyinyi?