Kitambaa Cheupe cha Mama Gladness

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tuketi pamoja. Leo tunamkumbuka Marcelina Komba wa Edmonton, hapa London. Wengi mlimwita Mama Gladness. Alifariki mwezi uliopita kwa maradhi ya moyo, akiwa na miaka hamsini na mitatu. Tunamkumbuka yeye na kitambaa chake cheupe.

Marcelina alikuwa msafishaji wa ofisi. Alitoka alfajiri kwa basi. Lakini kabla ya kutoka, alifuta ukingo wa dirisha katika chumba cha binti yake. Alifuta kwa kitambaa cheupe. Kila siku kilitoka cheusi, kana kwamba kimefuta sufuria ya kuni.

Chini ya dirisha hilo ilipita barabara kubwa, magari usiku na mchana. Na ndani ya chumba hicho Gladness, mtoto wake wa pekee, alikuwa akikohoa. Alikuwa na pumu. Pampu yake ya bluu ililala naye chini ya mto.

Mama mkwe wake alipiga simu kutoka Peramiho, kule Tanzania, kila Jumapili. Akisikia kikohozi kwa nyuma, hakunyamaza.

"Marcelina, hilo ni vumbi la nyumbani kwako. Unasafisha ofisi za watu, kwako mtoto anakohoa. Mganga hajigangi."

"Nafuta, mama. Nafuta kila siku."

"Basi unafuta kwa macho."

Marcelina hakubisha. Aliamini. Hilo ndilo lililomtesa miaka saba: aliamini kuwa yeye ndiye anayemuumiza mwanawe, kwa uvivu wake. Akazidi kusugua, mpaka rangi ya dirisha ikabanduka.

Kisha ikaja korona. Mwaka 2020, mwezi Machi, watu wakaamriwa kubaki majumbani. Ofisi zikafungwa. Barabara ikanyamaza. Thadei, mumewe, anakumbuka: "Nilisikia ndege analia, nikadhani ni simu ya mtu."

Wiki ya tatu, Marcelina akafuta dirisha. Kitambaa kikatoka cheupe. Akafuta tena. Cheupe. Akamwita Gladness, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na miwili.

"Umeshafuta hapa?"

Binti akamjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba hajagusa kitu. Akarudi kwenye daftari lake. Marcelina akasimama mlangoni, akisubiri akohoe. Hakukohoa.

Basi akaacha kufuta makusudi. Siku moja, mbili, tano. Alipofuta tena, kitambaa kikatoka na vumbi jepesi tu, kama unga. Jumapili ikafika.

"Mama, nilikaa siku tano bila kufuta, na barabara haina magari. Msikilize mjukuu wako."

Yule bibi akasikiliza. Halafu akasema taratibu.

"Kumbe ilikuwa barabara. Nilikuonea, mwanangu."

Marcelina akakaa palepale sakafuni, akalia. Hakuweza kufurahi kwa sauti. Ugonjwa ulioinyamazisha barabara ndio uliokuwa umemchukua jirani yao wa ghorofa ya chini, Mzee Zephaniah.

Magari yaliporudi, kitambaa kikarudi kuwa cheusi, na kikohozi kikarudi. Safari hii hakujilaumu. Alichukua vitambaa viwili, kimoja cheupe cha siku za korona, kimoja cheusi cha siku za magari, akaviandika tarehe kwa kalamu. Mwanamke aliyeona haya hata kuuliza njia akaenda ofisi ya manispaa inayogawa nyumba. Afisa aliyeitwa Lorraine akamuuliza, hivi ni nini. Kiingereza cha Marcelina kilikuwa kidogo, lakini kilitosha.

"Hewa ya mwanangu," akasema.

Alirudi mara nne na vitambaa vyake. Mwaka uliofuata wakapewa nyumba mtaa wa nyuma, mbali na barabara ile. Gladness bado ana pumu, lakini pampu yake siku hizi inakaa kabatini.

Siku ya msiba, akina mama walikuja kusafisha nyumba. Mmoja akavikuta vile vitambaa kwenye mfuko, akataka kuvitia kwenye mashine pamoja na mashuka. Gladness akamshika mkono. Akasema kwa Kiswahili, na wote wakageuka, maana hawakuwahi kumsikia akikisema:

"Shangazi, hicho cheusi msikifue. Huo si uchafu wa mama."

Kwa Thadei, kwa Gladness, na kwa bibi kule Peramiho: poleni sana. Mungu amlaze Marcelina mahali pema. Nasi, wasikilizaji wapendwa, kesho asubuhi tupitishe kitambaa cheupe dirishani. Kikitoka cheusi, tusiharakishe kumlaumu aliye ndani. Kwanza tufungue pazia, tutazame nje.