Njia ya Yangeyange Juu ya Viti vya Ngosha

Tangu treni ianze kufika Mwanza, kijiwe chetu kipo mbele ya duka la Noorali, na kahawa huletwa na Antoni, Mhaya asiyekubali kwamba kuna kahawa nje ya Bukoba. Jioni ile hatukuwa na raha. Uwanjani, kando yetu, kulipangwa viti vinne vya kuazima. Shangazi wa Kija, msichana anayeposwa, alikuwa anakuja kumtazama mposaji, Ngosha, kijana wetu mshona magunia ya pamba. Wiki iliyotangulia alikuja mjomba wa Kija. Yangeyange, wale ndege weupe wafuatao ng'ombe, wakapita, wanarudi kutoka malishoni kwenda kulala kisiwani, wakamchafulia kofia mpya. Mjomba akaondoka akisema hata ndege hawaitaki ndoa hii. Nilimhurumia Ngosha mpaka kahawa ikanishinda.

— Leo wakipita tena nimekwisha, alisema Ngosha. Kila jioni njia yao ni hapa hapa!

— Wanafuata reli, alisema yule tunayemwita Reli, kwa kuwa alilaza mataruma ya njia ya treni kutoka Tabora mpaka hapa, na tangu hapo haoni kitu kingine. Kabla ya reli nani alimwona yangeyange akinyoosha njia?

— Mimi, alijibu Antoni.

— Wewe ulikuwa Bukoba.

— Na Bukoba wapo, tena wananyooka kuliko hawa wenu.

Tarishi, aliyebeba barua za serikali mpaka magoti yakagoma, aliinua kidole.

— Reli iko kule, ndege wanapita huku. Tazameni wanapokata kona. Boma hawalipiti! Mnajua kwa nini?

— Sema, bwana.

— Kodi. Wakipita juu ya Boma watahesabiwa.

— Kodi ya kibanda? alicheka Noorali. Ndege ana kibanda?

— Anacho, kule kisiwani. Ndiyo maana anarudi giza likikaribia.

— Acha wewe. Huo ni urithi. Babu yao alipita hapa, wao wamerithi njia, kama mimi nilivyorithi duka. Utamtoaje mtu kwenye urithi wake?

— Basi tuwashitaki kwa liwali!

— Nani atawapelekea hati?

— Tuwashe moshi, alisema Antoni.

— Utamfukuza shangazi.

— Tupige madebe.

— Atadhani tumerukwa na akili.

— Tung'oe mataruma matatu tu, alinong'ona Reli. Wakikosa reli watapotea.

— Utafungwa wewe!

— Nitafungwa, lakini Ngosha ataoa.

Ngosha alishika kichwa. Macho yalikuwa yamemwiva.

— Jamani, mnanisaidia au mnakunywa kahawa?

— Vyote viwili, nilimjibu.

Hapo tukamwona mama mmoja amesimama nyuma yetu na kikapu chake. Sijui alikuwa amesikiliza tangu lini.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Hao ndege wanapita juu ya uwanja mzima?

— Hapana, mama, alijibu Tarishi kwa sauti ya kiserikali. Upande wetu huu tu. Kule kwenye ghala hawajapita hata siku moja.

— Sasa mbona viti mmeviweka huku?

Reli alimtazama Tarishi. Tarishi akamtazama Noorali. Antoni akajitia kuchochea mkaa uliokuwa unawaka vizuri tu. Mimi nilikunywa kutoka kikombe kisicho na kitu.

Ngosha hakumtazama mtu. Alikuwa ameshafika katikati ya uwanja, viti viwili begani na viwili anaviburuta.

— Yule ndiye anayemtaka Kija? aliuliza yule mama.

— Ndiye, mama.

— Mimi ni shangazi yake. Mjomba wake alinieleza mambo ya ndege, hakunieleza kwamba kijana anasikia akiambiwa.

Akachukua kikapu chake, akaenda kukaa kwenye ghala. Tulimwona akimwonyesha Ngosha naye kiti, akae. Sisi tulibaki pale pale tukibishana kuhusu Boma, na yangeyange walipofika tukafunika vikombe kwa viganja, kama kila siku.