Shangazi Apande Kwanza

Naandika haya Jumatano, tarehe 12 Novemba, miaka minane na miezi miwili tangu niondoke nyumbani. Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, fundi wetu wa rimu na matairi, ambaye karakana nzima inamwita Vidole Viwili, atafunga sanduku lake la vifaa kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi.

Wasifu wa mstaafu katika jarida la karakana huandikwa na watu wa ofisini. Safari hii karani alisema aandike yule aliyesimama naye muda mrefu zaidi, na huyo ni mimi. Shule yangu iliishia njiani, kwa hiyo msomaji anivumilie. Karani alinipa faili lake nichukue tarehe. Ni jembamba: barua ya kuajiriwa, vyeti viwili vya mafunzo, fomu za likizo, na barua moja ya onyo ya miaka mitano iliyopita. Kwa sababu ya karatasi hiyo moja, siku ya kuagwa hakupangiwa kupewa ngao ya utumishi usio na doa, ile ambayo wastaafu wenzake waliondoka nayo kwapani. Barua hiyo nitaifikia. Kwanza nimweleze mwenyewe.

Aliingia hapa akiwa na miaka ishirini na tisa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufagia na kuzamisha mipira ya matairi kwenye karai la maji kutafuta pancha. Mwaka wa nne alipewa banda la kona, lile lenye mlango wa bati unaokwama, na hajahama tangu hapo. Mameneja watano wamekuja na kuondoka, ukuta umepakwa rangi mara tatu, yeye yuko palepale na redio yake juu ya kopo la rangi. Huimba pamoja na redio, na huimba vibaya. Tumemwambia. Anasema redio haijalalamika.

Jina la Vidole Viwili lilitokana na kipimo chake. Akishafunga rimu mpya huchuchumaa, akapitisha vidole viwili kati ya tairi na fenda, lile bati linalolifunika kwa juu, kuzunguka tairi lote, kama mtu anayepapasa paji la uso la mtoto mwenye homa. Kisha huingiza mkono kwa ndani, kule tairi linakokaribia shokapu, na huko hutaka nafasi ya kidole kidogo. Vidole visipopita, rimu inashuka. Kuna mwenzetu mmoja mwembamba aliyewahi kudai kuwa vyake vinapita. Mzee akamwambia vidole vinavyohesabika hapa ni vya fundi, vya mpiga kinanda vikapige kinanda.

Wateja wengi huchagua rimu kwa macho. Wanaiona ikimeta dukani na tayari wameshajiona barabarani. Yeye hakuwacheka kwa hilo, hata mwenyewe anapenda kitu kizuri. Ila aliwauliza maswali kwanza. Nati ni ngapi, na zimeachana kiasi gani? Tundu la katikati linaushika mhimili sawasawa, au linapwaya? Rimu ni pana kiasi gani, na ikishakaa, inatokeza nje au inazama ndani? Maana ikitokeza sana italamba fenda, ikizama sana itakwaruza shokapu. Na tairi lenyewe limenenepa kuliko la zamani? Mteja akijibu kuwa hajui, mzee hufurahi, kwa sababu asiyejua anapimika. Wanaomsumbua ni wanaojua.

Mmoja wa wanaojua alikuja na rimu nne zilizotoka kwa rafiki yake. Kwa rafiki zilikaa vizuri, kwa nini zisikae kwake, na magari yanafanana rangi mpaka viti? Mzee hakubishana. Alivua buti zake za kazi akamwomba mteja azivae, aende nazo mpaka kituo cha mafuta na kurudi. Yule bwana alienda. Alirudi anachechemea, soksi imejikusanya kwenye vidole. Mzee akamkaribisha kiti, na wakaanza kupima upya kwa amani. Mteja huyo bado anakuja hapa, na kila akija huuliza buti ziko wapi.

Mwingine alikuwa dereva aliyezunguka karakana tatu akilalamika kuwa stelingi inatetemeka. Kote walimpimia uwiano wa magurudumu, na kote stelingi iliendelea kutetemeka. Mzee alifungua gurudumu moja tu, akaona tundu la katikati ni kubwa kuliko mhimili, rimu imening'inia kwa nati peke yake. Alitangaza kuwa ndoa hii imefungwa bila pete, akatafuta pete ya kuziba ile nafasi, na kutetemeka kukaisha siku hiyohiyo.

Sasa niseme kuhusu Shangazi, maana kuna wageni watakaosoma jarida hili na hawajawahi kuingia banda la kona.

Katika mwaka wake wa tatu kwenye banda hilo alimfungia kijana mmoja rimu pana. Uwanjani gari lilikuwa safi, vidole vinapita. Yule kijana akaenda stesheni kumpokea shangazi yake. Shangazi akakaa kiti cha nyuma, mizigo ikawekwa kwenye buti la gari, gari likalala chini, na tairi likaanza kulia kwenye fenda njia nzima. Mpwa akamwambia shangazi yake kuwa uzito wake ndio unaoharibu gari. Kesho yake asubuhi yule mama alikuja karakana mwenyewe, kwa miguu, mkoba mkononi. Hakuwa na habari na rimu. Alitaka kujua jambo moja tu: kosa ni la nani.

Mafundi wote walijificha chini ya magari. Mzee, ambaye wakati huo hakuwa mzee, alifuta mikono, akasimama mbele yake.

"Ni rimu, Shangazi," alimwambia. "Wewe uko sawa."

Alizifungua zile rimu bila kuombwa. Wiki ileile akashona mifuko sita ya turubai, akaijaza mchanga, kila mmoja uzito wa mtu, akaipa majina. Mkwe hukaa mbele, kwa heshima. Mjomba, Babu na mawifi wawili huenda nyuma na kwenye buti. Mkubwa kuliko wote, kilo themanini na tano, ni Shangazi, naye hukaa nyuma kulia. Tangu siku hiyo sheria ya banda la kona ni kwamba gari halitoki likiwa limepimwa tupu. Hupaka unga wa chaki ndani ya fenda zote nne, abiria wakapanda, gari likapitishwa juu ya mbao mbili zilizopishana, stelingi ikakatwa kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho. Tairi likitoka na mstari mweupe, limegusa. Likitoka jeusi tupu, unaandika kwenye kadi ya gari: chaki safi. Kila mteja anayeharakisha huambiwa maneno yaleyale: Shangazi apande kwanza.

Kubeba Shangazi ni kazi. Mgongo wangu unamjua. Na hapa ndipo inapoingia ile barua.

Miaka mitano iliyopita, siku ya Alhamisi, mzee aliitwa kuangalia lori uwanjani, akaniachia gari la baba mmoja aliyekuwa anahamisha familia. Nilikuwa nimefanya kazi siku kumi na moja mfululizo. Nilipaka chaki, nikakaa mimi peke yangu kwenye usukani, nikavuka mbao, nikakata stelingi. Matairi yalitoka meusi. Niliitazama ile mifuko, nikaona uvivu. Kwenye kadi nikaandika: abiria sita, chaki safi. Mzee alirudi akiwa na haraka, akaniuliza kama nimepakia, nikamwambia nimepakia. Akatia sahihi.

Jumapili lile gari lilibeba baba, mama, watoto watatu na bibi yao, na vyombo juu. Tairi la nyuma kulia lilikatwa na fenda kilomita baada ya kilomita, likapasuka kwenye mteremko. Gari liliingia mtaroni. Wengine walitoka wazima. Bibi alivunjika mkono.

Jumatatu habari ilipofika, mzee aliweka spana chini. Alikwenda kwenye kona, akapitisha kidole juu ya Shangazi. Mfuko ulikuwa na vumbi la tangu Jumatano. Alikitazama kile kidole, akanitazama mimi, akakifuta kwenye suruali, akapanda ngazi kwenda ofisini. Mimi nilikuwa na mkataba wa mgeni. Barua moja tu, nami narudishwa nyumbani. Yeye alikuwa anangojea kutangazwa msimamizi mkuu mwezi uliofuata, cheo alichokingoja miaka tisa. Aliwaambia kuwa sahihi ni yake na gari ni lake. Barua ya onyo ikaandikwa kwa jina lake, na cheo kikaenda kwa mwingine.

Nilimfuata jioni nikataka kumshukuru. Alikuwa anapaka chaki gari lingine.

"Usinishukuru," alisema. "Pakia Shangazi."

Asifikiri mtu kwamba alikuwa mpole. Kwa miezi miwili hakunisemesha zaidi ya namba za spana. Ila alishika upande mmoja wa kila mfuko nilioubeba, na magoti yake hata wakati huo yalikuwa mabovu.

Kila Jumamosi alikwenda kumtembelea yule bibi mpaka plasta ilipotolewa. Jumamosi ya pili nilienda naye. Alipotoka uani kuongea na mwenye nyumba, nilimweleza bibi ukweli wote. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono umefungwa kifuani, kisha akaniuliza kama kazini wanajua. Nikasema hapana.

"Basi hujasema, mjukuu wangu," akaniambia. "Umenong'ona tu."

Nimenong'ona miaka mitano. Kila mwaka nilijiambia nitasema mkataba ukishaongezwa, na ulipoongezwa nilipata sababu nyingine. Nilipofungua faili wiki iliyopita nikaikuta ile karatasi, yenye jina la mtu ambaye kwa miaka thelathini na mmoja hajawahi kuandika "safi" pasipo safi, niliona nikiandika wasifu wake bila neno hili nitakuwa naandika kadi ile kwa mara ya pili.

Kwa hiyo naandika: onyo lile ni langu. Mifuko haikupakiwa, na aliyesema imepakiwa ni mimi. Jana nilipeleka nakala ya maneno haya kwa meneja, kabla ya kumpa karani apige chapa, nikaomba barua ile itolewe kwenye faili lake iwekwe kwenye langu, na ngao ichongwe jina lake kabla ya tarehe 28. Meneja alisoma kwa kusimama. Alisema ngao ataiagiza. Kuhusu mimi, alisema tutaongea nikirudi kutoka likizo. Mzee mwenyewe hajui. Angejua angeichana hii karatasi na kuniambia nirudi kazini.

Tangu nifike hapa sijamwona akimpa mtu gari ambalo hangempakia mke wake. Mke huyo, ambaye sote tunamwita Mama, anasema amechoka kusubiri. Kwake kuna kabati lisilofunga na mlango unaogusa sakafu, na kwa miaka yote ameambiwa vitapimwa. Sasa vitapimwa. Tunamwonya Mama kuwa mumewe huenda akapaka chaki kwenye fremu ya mlango, na kwamba asimzuie.

Sisi wa banda la kona tumemwomba seremala wa jirani atuchongee kipande cha mbao chenye unene wa vidole viwili vya mzee. Tulimpima akiwa amelala usingizi wa mchana, mdomo wazi, redio ikiimba peke yake. Kipande kitaning'inia ukutani, juu ya mifuko. Mwenzetu mwembamba naye amekubali kukitumia.

Kwa niaba ya mafundi, waosha magari, karani na mlinzi wa geti: asante, Mzee, kwa kutufundisha kwamba gari hupimwa likiwa na watu wake. Tunakuombea magoti yatulie, asubuhi ziwe ndefu, Mama akusamehe kuhusu kabati, na redio yako iendelee kutolalamika.

Mimi naondoka tarehe mosi Desemba kwenda kwetu, mara ya kwanza tangu nije. Natarajia kurudi Jumatatu, tarehe 12 Januari, saa mbili kamili asubuhi. Kama kuna barua itakayonisubiri, nitaipokea. Kama kuna gari kwenye jeki, mniachie mimi upande mzito.