Simu ya Mzee Ogeto Imerudi Ofisini

Tarehe 30 Juni Mzee Alfayo Ogeto anastaafu, baada ya miaka ishirini na tisa katika kiwanda chetu cha chai. Wengi mnamjua kwa suti yake ya kijivu na kwa kupangusa kibodi kila asubuhi utadhani anaandalia wageni. Mimi Nyakerario, ninayebaki peke yangu chumba cha kompyuta, ninaandika haya nikiwa nimekata tamaa, wala sifichi.

Alianza kama karani wa mizani katika kituo cha Nyamache. PHP, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, alijifundisha ukubwani. Wakati huo programu yetu iliuliza kituo kimoja cha kununulia majani ya chai, ikangoja jibu, ndipo iende kwa kingine. Siku moja mtandao ulipotea kituo cha Nyansiongo, nayo ikazubaa papo hapo, na lori halikutumwa Gesima, kituo kilichofuata. Wakulima walishinda kituoni huku majani yakigeuka mekundu ndani ya magunia. Mzee alilia, nilimwona.

Ndipo akatafuta maktaba ya WebSocket isiyongoja, yaani programu tayari inayoacha laini wazi muda wote. Hushika laini za vituo vyote kwa pamoja, ikamsikiliza anayesema bila kumsubiri aliyenyamaza. Kituo kikijaa, dereva anajua mara moja. Kwa miaka sita hakuna gunia lililoharibika kwa kukosa lori, nasi tukajisifu kwamba mtambo wetu haukatiki.

Kumbe hukatika. Wiki jana nilifungua programu ili niandike wasifu huu vizuri, nikakuta kwamba laini ikigoma mara tano, ujumbe huenda kwa simu ya ofisi aliyopewa yeye peke yake. Yeye huirekebisha na kunyamaza. Ndiyo sababu mzee huyu wa kanisa alikuwa akitoka ibadani Sabato baada ya Sabato, waumini wakidhani anaumwa tumbo na kumwombea. Nilipomuuliza mbona hakutuambia, alicheka: "Mngekosa usingizi bure, mwanangu."

Amenifundisha programu miezi mitatu bila kugusia hilo, nami nimeshika nusu. Kila kukatika kuna sababu yake, na sababu hizo ziko kichwani mwake. Mtu wa kumrithi hakuajiriwa, na tumeambiwa hataajiriwa.

Asante, Mzee, kwa kutubeba bila sisi kujua. Wewe na mkeo, Mama Mong'ina, mpumzike vyema, na sasa ukae kanisani hadi wimbo wa mwisho. Simu ya ofisi uliyorudisha jana iko mezani kwangu. Imelia mara mbili tangu nianze kuandika. Ya kwanza niliweza kuirekebisha. Ya pili, Gesima bado iko kimya.