Mzee Jalada Aaga Masjala, Ajiandaa kwa Hisabati

Mzee Jalada, kama anavyofahamika kwa wote, hata kwa wale ambao bado wanasubiri majibu yake, anastaafu Ijumaa, tarehe 31 Oktoba, baada ya kuitumikia masjala ya idara yetu kwa miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku tisa. Siku hizo tisa amezihesabu yeye mwenyewe, na si busara kubishana na mtu anayetunza majalada ya ajira zetu sote.

Aliajiriwa akiwa mhudumu, miaka tisa baada ya kuachia shule kidato cha pili ili wadogo zake wasome, akapanda hadi kuwa mtunza kumbukumbu mkuu. Bomba la maji lilipopasuka masjala, aliokoa kwanza majalada ya likizo, kisha yale ya nidhamu, kwa mwendo wa taratibu mno. Wapo watumishi ambao hadi leo humsalimia kwa mikono miwili.

Azma yake ya kumaliza sekondari aliishughulikia kwa utaratibu unaokubalika kiofisi, yaani aliifungulia jalada. Kila jioni baada ya kazi aliandika dokezo humo: "Limeonekana. Mhusika amechoka. Lirejeshwe kesho." Miaka kumi na moja ilipita hivyo. Jalada likafikia juzuu ya pili, ilhali kitabu cha aljebra hakijafunguliwa. Mkewe, fundi cherehani asiye na subira na madokezo, alimwambia: "Baba watoto, wewe huchoshwi na kazi. Unachoshwa na kuandika kwamba umechoka."

Miaka minne iliyopita, mhudumu alilichanganya jalada hilo na yale ya kusainiwa. Mkurugenzi, ambaye husaini haraka kuliko asomavyo, aliandika: "Nakubali. Tekeleza mara moja." Mzee Jalada hajawahi kukaidi agizo lenye saini na muhuri. Kuanzia kesho yake aliingia masjala saa kumi na mbili asubuhi, akasoma hadi saa mbili, kichwa kikiwa bado chepesi. Sisi wenye vyeti humpa mwajiri asubuhi yetu, tukajibakizia makapi ya jioni, kisha tukalalamika kwamba masomo ni magumu. Yeye aliugeuza mpango huo, mwajiri akawa anapokea kilichobaki. Idara haikugundua tofauti yoyote: barua iliyochukua siku kumi na moja kupatikana iliendelea kuchukua siku kumi na moja. Kamati ya sherehe imeshauri jambo hili liandikwe kuwa ni uthabiti.

Amefaulu masomo sita. Hisabati imemwangusha mara mbili, na mwakani mtaala unabadilika. Asipoipata safari hii, hata hayo sita hayatahesabiwa tena. Kijana wa kompyuta aliwahi kumtania: "Mzee, hesabu hizo utampigia nani?" Akajibiwa: "Nikizipata nitakwambia, mwanangu. Kwanza lete lile jalada ulilochukua Machi."

Wiki iliyopita Mkurugenzi alimpa mkataba wa nyongeza wa miaka miwili, unaoanza Jumatatu saa mbili asubuhi, kwa kuwa imebainika hakuna mwingine anayejua kitu chochote kilipo. Mtihani wa hisabati nao ni Jumatatu, saa mbili asubuhi.

"Mtihani si unaweza kusubiri, mzee wangu?" aliuliza Mkurugenzi.

"Mtihani umenisubiri miaka arobaini na tatu, Mkurugenzi. Mkataba wako umenisubiri tangu asubuhi."

Mkataba umerudi bila saini. Ni mara ya kwanza kwa karatasi kutoka masjala siku ileile ilipoingia.

Kwa niaba ya watumishi wote, tunamshukuru kwa utumishi uliotukuka na kwa mwendo wake siku ile ya bomba. Tunawaarifu pia kwamba Jumatatu asubuhi simu yake itakuwa imezimwa. Atakayekosa jalada alitafute mwenyewe, na huenda akajifunza jambo. Mzee wetu, tunakutakia usingizi mwema Jumapili, maswali uliyoyazoea, na maisha marefu ambayo kila asubuhi yake ni yako.