Kitambaa Cheupe Mlangoni

Mgeni rasmi, Makamu Mkuu wa Chuo, pamoja na ulioongozana nao,

Asubuhi tukifungua Chumba cha Ukimya, kitu cha kwanza tunachokiona ni alama za magoti kwenye zulia. Jua likipita dirishani zinajaa mwanga kama vibakuli. Tunasimama kidogo na mafagio yetu, ndipo tunafagia.

Karibu sana. Ingia hata na viatu, zulia tutalipiga brashi.

HISTORIA
Ijumaa wanaswali wanafunzi Waislamu, Jumapili wanaomba Wakristo, na siku nyingine huingia yeyote mwenye mzigo moyoni. Wengi wetu shule hatukumaliza, hivyo ratiba yetu ni kitambaa kwenye kitasa. Cha bluu, tandika mikeka. Cheupe, panga viti. Utaratibu huu aliuanzisha msimamizi wetu, Mama Ndoo. Wanafunzi nao wakakiamini kuliko tangazo.

CHANGAMOTO
Ijumaa moja kilining'inia cheupe. Wanakwaya wakaingia kufanya mazoezi, na wenye swala wakafika.

"Kaka, leo zamu yetu."

"Kitambaa hukioni?"

"Kwani kitambaa ndicho kinachoswali?"

Maneno yakawa makali, mlinzi akaitwa. Chuo kikaamua chumba kikatwe kwa ukuta. Mafundi wanaanza Jumatatu.

MAFANIKIO
Lakini wanafunzi walewale walitafutana, na sasa kila Jumatano wanakaa chini pamoja na kuulizana mambo ya dini zao. Juzi mmoja aliuliza, "Nyinyi mkifunga, usiku mnaota chakula?"

"Tunaota chenu," mwenzake akajibu.

Walicheka mpaka Mama Ndoo akasahau kuwatoa.

MAOMBI
Tunaomba ukuta usijengwe. Dirisha ni moja tu, na sisi tunaofagia tunajua upande utakaobaki gizani.

Mwenyezi Mungu, kwa kila jina aliloitwa ndani ya chumba kile, akulinde uendako.

Ni sisi, Wasafishaji wa Jengo la Maktaba.

Mgeni rasmi, yanayofuata hayamo katika risala niliyopewa kusoma; hata wenzangu hawajayasikia. Ijumaa ile vitambaa nilivifua mimi. Cha bluu kilikuwa hakijakauka, nikatundika cheupe ili kitasa kisikae kitupu. Mama Ndoo akakikuta, akapanga viti. Wanafunzi wakalaumiwa, nami nikainamia ndoo yangu. Hawakunyang'anyana chumba. Kosa lilikuwa langu.